Anza na Mikono: Namna ya Kuisoma Chapa ya Neema Watatu

Wanawake watatu vijana wamesimama wameshikana. Wawili wametuelekea, wa kati ametupa mgongo. Ukishaijua sura hii utakutana nayo kila upande wa sanaa ya Ulaya: kwenye marumaru, kwenye dari za majumba, nyuma ya medali, na kwa wingi zaidi kwenye karatasi, kwa kuwa wachongaji wa mabamba ya shaba waliirudia kwa zaidi ya miaka 300. Wagiriki waliwaita Kharites. Hapa nitawaita Neema. Mshairi wa kale Hesiodos anasema ni binti za Zeus na Eurynome, naye anawapa majina yanayotumika hadi leo: Aglaia, mwenye kung'aa, Euphrosyne, mwenye furaha, Thalia, mwenye kuchanua. Popote walipokuwapo, karamu ilinoga na ukarimu ukatembea.

Mtu akifungua picha ya namna hii kwenye tovuti ya makumbusho, mara nyingi huona miili mitatu isiyo na nguo, akaipita. Hasara hiyo inaniuma, kwa sababu chapa hizi ziliwekwa mambo mengi ya kusomwa, na kusoma kwenyewe hakuhitaji shahada wala safari ya Ulaya. Kunahitaji utaratibu. Utaratibu ninaoupendekeza unaanzia mahali ambapo wengi hawaangalii: mikononi.

Chukua karatasi na penseli. Iache miili yote, chora mikono sita tu. Fuata kila mkono kutoka begani hadi kwenye vidole, ujiulize: huu ni wa nani, umekwenda wapi, umeshika nini, unatoa au unapokea? Zoezi hili huchukua dakika chache, nalo hukupa kiini cha picha kabla hujajua jina la msanii. Utagundua mara moja kama duara limefungwa au lina pengo, kama kuna anayetazama nje ya duara, na kama kuna mtu wa nne anayekaribishwa.

Sababu ya kuanzia hapo ni ya zamani sana. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya 1, aliandika kitabu kizima kuhusu kutendeana hisani, na mwanzoni mwake anauliza kwa nini Neema ni watatu, kwa nini ni ndugu, kwa nini wameshikana mikono. Anataja jibu lililokuwa likisemwa zama zake: mmoja anatoa hisani, wa pili anaipokea, wa tatu anairudisha. Hisani inapita mkono kwa mkono hadi imrudie aliyeianzisha, na duara likikatika mahali popote uzuri wake unapotea. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufundishwa jambo hili. Jirani akikuletea futari kwenye bakuli, bakuli lile halirudi kwake tupu. Karne kadhaa baadaye Servius, mfafanuzi wa mashairi ya Vergilius, alieleza kwa nini mmoja ametupa mgongo na wawili wanatutazama: wema ukitoka mmoja, hurudi maradufu.

Lakini chukua na onyo la Seneca huyohuyo. Baada ya kuyataja maelezo hayo anamlaumu Khrysippos, mwanafalsafa aliyemtangulia, kwa kujaza kitabu chake mambo madogo ya namna hiyo. Onyo hilo bado lina kazi. Si kila kidole kina fumbo. Mchongaji alikuwa pia na tatizo la kawaida kabisa la kuipanga miili mitatu ndani ya karatasi ndogo isionekane kama uzio, na wakati mwingine mkono uko pale ulipo kwa sababu nafasi ilidai hivyo. Maana ithibitishwe na vitu viwili au vitatu katika picha, kisha ndipo uiandike.

Ukishamaliza mikono, hakikisha kwamba unaowatazama ni Neema kweli. Wanawake watatu katika chapa ya Ulaya wanaweza kuwa watu wengine kabisa, na hapa makosa ni mengi. Wakiwa na uzi, pia na mkasi, hao ni waamuzi wa umri wa binadamu. Mmoja akiwa na msalaba, mwingine nanga, wa tatu watoto, ni Imani, Tumaini na Upendo wa Wakristo. Akiwapo kijana mwanamume mwenye tofaa, huku mmoja wa wanawake ana tausi karibu na mwingine ana kofia ya chuma au ngao, hayo ni mashindano ya urembo yaliyoamuliwa na Paris wa Troya: Hera, Athena na Aphrodite. Marcantonio Raimondi alichonga tukio hilo kwa kufuata mchoro wa Raphael, na chapa hiyo ni miongoni mwa zilizoigwa sana. Itazame kando ya chapa ya Neema ujionee tofauti: miungu wale watatu wanashindana, kila mmoja amesimama kivyake. Neema hawashindani. Miguu yao hukaribiana, mabega hugusana, na kumtenga mmoja kunavunja picha nzima.

Vitu wanavyoshika husaidia, ila si vya lazima. Pausanias, msafiri Mgiriki wa karne ya 2, aliona kule Elis sanamu za Neema ambapo mmoja ameshika waridi, wa kati kete ya mfupa, na wa tatu kitawi cha mhadasi. Waridi na mhadasi ni mimea ya Aphrodite, na Neema ni wasindikizaji wake. Ndiyo maana Venus, kama Waroma walivyomwita, hutokea karibu nao pamoja na mwanawe Cupido mwenye mabawa na upinde. Katika ule mfululizo wa picha 50 za shaba uliochongwa Italia kaskazini miaka ya 1460, ambao kwa makosa ya zamani ulipewa jina la Mantegna, Neema wanaonekana kwenye picha ya Venus wakiwa watumishi wake. Raphael, kwenye mchoro wake mdogo wa rangi ulioko Chantilly, Ufaransa, amewapa matofaa ya dhahabu. Kwa hiyo usitafute alama moja isiyobadilika. Tafuta mkusanyiko: idadi ya watatu, kushikana, na kuwa karibu na Venus, maua au matunda.

Hata idadi yenyewe ilichukua muda kutulia. Pausanias anasimulia kwamba Sparta walikuwa wakiwaabudu wawili tu, na Athene wa zamani vilevile. Anasema pia kwamba hakuweza kumjua msanii wa kwanza aliyewaonyesha uchi, maana zamani walivishwa. Swali la nguo basi ni swali la kweli kwa msomaji wa chapa. Wakiwa wamevaa vitambaa vyepesi vinavyopepea, msanii au mshauri wake huenda alimfuata Seneca, au Leon Battista Alberti, ambaye katika kitabu chake cha 1435 kuhusu uchoraji aliwashauri wachoraji wawaonyeshe ndugu hawa watatu wakicheka, wameshikana mikono, na nguo nyepesi zisizobana. Mchoraji Botticelli alifanya karibu na hivyo katika picha yake Primavera. Wakiwa uchi, na wa kati ametupa mgongo, mizizi iko kwenye marumaru za Kiroma. Moja ya hizo, ambayo wa kati hana kichwa, imo katika Maktaba ya Piccolomini ndani ya kanisa kuu la Siena.

Jina moja linahitaji tahadhari ya peke yake. Thalia wako wawili. Mmoja ni Neema, mwingine ni mmoja wa wale Muse tisa wa sanaa na elimu, anayesimamia mashairi ya kuchekesha. Ukiona Thalia ameshika kinyago cha mchezo wa kuigiza, huyo ni Muse. Chapa nzuri ya kujizoezea ni ile ya ubao iliyo mwanzoni mwa kitabu cha muziki cha Franchinus Gafurius, kilichochapwa Milano mwaka 1496. Juu kabisa ameketi Apollo, kando yake Neema watatu na majina yao yameandikwa. Pembezoni wamepangwa Muse kwa kufuata sayari, na chini kabisa, upande wa dunia, yupo Thalia wa pili. Jina lilelile mara mbili, juu na chini ya ukurasa mmoja, na wala si kosa la mchapaji.

Sasa shuka kwenye maandishi yaliyo chini ya picha. Mgeni wa chapa huyaona kama mapambo, kumbe ndiyo cheti cha kuzaliwa cha chapa hiyo. Chapa nyingi zilipita mikono ya watu watatu au wanne, na kila mmoja alikuwa na neno lake la Kilatini, kwa kawaida limefupishwa. Jina likifuatwa na "inv." ni la aliyebuni sura; "pinx." ni la aliyeipaka rangi kwenye turubai au ukuta, "del." ni la aliyeichora kwa kalamu; "sculp.", "sc." au "inc." ni la aliyelichonga bamba, "exc." ni la aliyegharimia na kuuza. "Fec." maana yake alifanya, na mara nyingi huashiria kwamba mtu mmoja alibeba kazi kubwa. "Cum privilegio" inatangaza kwamba mwenye mamlaka amempa mtoaji wa chapa haki ya kuchapa na kuwazuia wengine wasimwige. Mchoraji Rubens aliihangaikia haki hiyo hadi akaipata katika nchi kadhaa kati ya 1619 na 1620.

Mfano wa Raimondi unaonyesha kwa nini ni lazima usome sentensi nzima. Alizaliwa karibu na Bologna, akajifunza kwa mfua dhahabu na mchoraji Francesco Francia, kisha akahamia Roma yapata 1510 na kufanya kazi bega kwa bega na Raphael. Chapa yake ya Neema ina maandishi ya Kilatini chini, na mwishoni mwake yamo herufi SCVLP. Anayekimbilia kamusi ya vifupisho atasema: huyu ndiye mchongaji wa bamba. Hapana. Sentensi yote inasema kwamba hivi ndivyo Kharites walivyochongwa kule Roma kwa marumaru nyeupe kama theluji. Neno hilo linahusu jiwe, halihusu shaba. Na maana yake ni kubwa kuliko jina la fundi: chapa inajitangaza kuwa taarifa ya kitu kilichoko Roma, inayotumwa kwa mtu ambaye hatafika Roma. Kijana wa Antwerp au Nürnberg aliyeinunua karatasi hii aliwajua Neema wa kale bila kuvuka milima ya Alpi.

Hapo ndipo ninapopenda kukaa muda mrefu, kwenye swali la jinsi mng'ao wa marumaru ulivyogeuzwa kuwa mistari. Kuza picha hadi uone kiuno cha yule wa kati kikijaa kioo chote. Rangi ya kijivu iliyoonekana kwa mbali itasambaratika iwe mistari tupu. Raimondi alitumia chuma chembamba chenye ncha kali ya pembe, kilichosukumwa mbele kwa kiganja juu ya shaba. Kadiri anavyokandamiza ndivyo mfereji unavyopanuka. Anapolegeza, unakwisha kwa ncha nyembamba. Kwa hiyo mstari wa mchongo wa shaba una mwili: unaanza mwembamba, unanenepa, unakonda tena. Wino ulijazwa kwenye mifereji, uso wa bamba ukapanguswa safi, karatasi iliyolowanishwa ikawekwa juu, na vyote vikapitishwa kwenye mashine yenye magogo mawili ya kukandamiza.

Angalia mistari hiyo inavyozunguka paja au bega. Haikupigwa ovyo, kila mmoja unafuata mviringo wa mwili, na mistari ya safu ya pili inaikata ya kwanza pale ambapo kivuli kinazidi. Mahali penye mwanga mkali pameachwa karatasi tupu. Jaribu kuhesabu ngazi za giza: karatasi tupu, safu moja ya mistari, safu mbili, safu mbili zenye nukta katikati. Kwa ngazi chache tu fundi amekupa jiwe baridi na ngozi laini kwa wakati mmoja. Ukiijua hesabu hii katika chapa moja, utaweza kuipima nyingine yoyote na kusema kwa haki kama fundi wake ni hodari au amebabaisha.

Haarlem, Uholanzi, mwishoni mwa karne hiyo ya 16, mstari uleule ulipelekwa mbali zaidi. Hendrick Goltzius na Jacob Matham, mwanawe wa kambo na mwanafunzi wake, walichonga mistari inayovimba na kukonda kwa ujasiri ambao Roma haikuwahi kuuona, na miili ya miungu yao inajipinda kana kwamba inasokotwa. Weka kazi yao kando ya ya Raimondi, ukilinganisha goti kwa goti na bega kwa bega. Tofauti ya miji miwili na vizazi viwili itajieleza.

Mbinu nyingine zina alama zake. Kwenye chapa ya tindikali, bamba hupakwa nta, mchoraji huikwaruza nta kwa sindano, kisha tindikali hula shaba palipokwaruzwa. Mistari hukimbia huru kama ya kalamu na ncha zake ni butu. Mezotinti, aliyoianzisha Mjerumani Ludwig von Siegen mwaka 1642, huenda kinyume: bamba lote hukwaruzwa kwa chuma chenye meno mpaka lingechapa giza tupu, halafu fundi hulisugua taratibu kulitoa nuru. Weusi wake ni kama mahameli. Uso huo laini huchakaa haraka, kwa hiyo nakala za mwanzo zina thamani na zile za mwisho huonekana zimefifia. 

Mezotinti iliwafaa Waingereza kwa sababu ilinakili picha za rangi za watu mashuhuri, na mchoraji Joshua Reynolds aliwatumia Neema kuwapamba mabibi wa London. Picha yake ya Lady Sarah Bunbury, ambayo sasa iko Chicago, inamwonyesha akiwatolea Neema sadaka. Edward Fisher aliitoa kwa mezotinti mwaka 1766. Ifanyie zoezi la mikono. Neema pale ni sanamu ya jiwe, lakini mmoja ananyoosha shada la maua kumwelekea yule bibi aliye chini. Duara limefunguka kwa makusudi, na sifa anayopewa bibi huyo imo ndani ya mkono mmoja wa jiwe. Mwaka 1776 Thomas Watson alichapa mezotinti ya picha nyingine ya Reynolds, ya dada watatu wa ukoo wa Montgomery wakiipamba sanamu ya Hymen, mungu wa ndoa, kwa maua. Neema hawatajwi, ila idadi ya dada hao na shada linalopita kati yao vinawaita.

Euphrosyne peke yake alipendwa pia Uingereza, na sababu ni John Milton, aliyemwita katika shairi lake L'Allegro, lililochapwa 1645, akamfanya furaha yenyewe na kumpa wazazi wengine, Venus na Bacchus. Kwa hiyo katika chapa ya Kiingereza ya karne ya 18 ukimkuta mwanamke mmoja anayesonga mbele kwa bashasha huku nyuma yake kuna muziki, usikatae kuwa ni Neema kwa sababu tu dada zake hawapo. Reynolds alimpaka Bibi Hale kwa sura hiyo.

Kisha kuna nukta. Francesco Bartolozzi wa Firenze alifika London mwaka 1764, na jina lake likawa sawa na mtindo wa kuchonga bamba kwa maelfu ya vitone badala ya mistari, mara nyingi kwa wino wa hudhurungi au mwekundu. Ngozi inayotokana na vitone haina ukali wowote. Yeye na wenzake walichapa michoro mingi ya Angelica Kauffmann, mchoraji mzaliwa wa Uswisi na mmoja wa wanawake wawili waliokuwamo kati ya waasisi wa Royal Academy mwaka 1768. Katika chapa za namna hiyo Neema wanamchezea Cupido, wanamnyang'anya mishale, wanamfunga kwa maua. Wakosoaji huziona tamu kupita kiasi. Mimi naziheshimu, maana ziliingia sebuleni kwa watu ambao hawangeweza kununua turubai hata moja, na katika Kauffmann tunapata mwanamke aliyewatazama Neema kama watu wenye shughuli zao.

Kuna tahadhari nyingine unapolinganisha chapa na kazi iliyonakiliwa: kulia na kushoto hubadilishana. Bamba likikandamizwa kwenye karatasi, sura hugeuka kama kwenye kioo. Fundi mwangalifu alichonga kinyume ili itoke sawa, lakini wengi hawakujali. Na mwigaji aliyeinakili chapa iliyogeuka, naye akachonga bila kugeuza, aliirudisha ilivyokuwa. Kwa hiyo chapa inayolingana na ukuta si lazima iwe ya kwanza, na iliyogeuka si lazima iwe bandia. Igeuze picha kwenye simu yako, uiweke kando ya kazi ya asili, ndipo uanze kulinganisha vidole.

Kazi ya asili yenyewe huwa na thamani ya kutafutwa. Neema wa Villa Farnesina, jumba la tajiri wa benki Agostino Chigi mjini Roma, wako kwenye dari iliyobuniwa na Raphael na kukamilishwa na wasaidizi wake mwaka 1518. Cupido yuko pamoja nao mawinguni akiwaonyesha mpenzi wake Psyche aliye chini duniani. Ukumbini unawatazama kwa kuinua shingo. Raimondi aliwashusha hadi kiwango cha macho, akakunyang'anya umbali, akakupa vitu ambavyo aliyesimama sakafuni havioni vizuri. Pieter de Jode mdogo alichonga Neema kutokana na Rubens, na hapo swali ni je, uzito na joto la nyama za Rubens vimesalimika bila rangi? Kwa mchongaji Canova, ambaye aliwachonga Neema kwa marumaru kati ya 1814 na 1817, swali ni jingine: yeye aliuvunja utaratibu wa kale, akamgeuza wa kati atuelekee na kuwakusanya wenzake kwake. Alipenda sana kazi zake zitolewe kwa chapa. Chapa ya sanamu inaweza kukupa upande mmoja tu, kwa hiyo jiulize ni upande gani ulichaguliwa, na ni mkono wa nani umefichika.

Unapokutana na kejeli, utaratibu ni uleule. Mwezi Mei 1810 James Gillray alitoa chapa ya mabibi watatu wa London wakipigwa na upepo katika bustani ya Kensington, nguo zao nyembamba zimewaganda mwilini, akawaita Neema. Kicheko kile kilimfikia mteja wa mtaani kwa sababu miaka 300 ya chapa ilikuwa imemzoesha kuwajua watatu wale hata wakivaa kofia.

Kuhusu mahali pa kuzitazama: Rijksmuseum ya Amsterdam na Metropolitan Museum of Art ya New York hutoa bure picha kubwa za kazi zisizo na haki miliki, ambazo unaweza kuzipakua na kuzikuza hadi uone mstari mmoja mmoja. Metropolitan imefanya hivyo tangu 2017. Katalogi ya British Museum ina maelezo marefu ya chapa nyingi sana. Usitafute kwa lugha moja. Andika "Tre Grazie", "Trois Grâces", "Drei Grazien", "Drie Gratiën", "Three Graces", na pia jina la kila mmoja wao, maana chapa nyingi zimeorodheshwa chini ya Venus au Cupido, na Neema wametajwa ndani ya maelezo tu. Kwenye maelezo utakutana na herufi B. na namba: hiyo ni orodha ya Adam von Bartsch wa Vienna, iliyotoka katika juzuu 21 kati ya 1803 na 1821. Iandike namba hiyo, kwani ndiyo itakayokuonyesha kama chapa mbili katika makumbusho mawili ni bamba moja au ni asili na mwigo wake.

Kama unaishi London, Paris, Amsterdam au Vienna, usiishie kwenye simu. Makumbusho makubwa yana vyumba vya kusomea chapa, ambako mtu wa kawaida anaweza kuomba nafasi mapema na kuletewa karatasi yenyewe mezani. Nenda na penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi. Omba chapa mbili au tatu zinazohusiana, kwa mfano asili na mwigo wake, kwa sababu jicho hujifunza kwa kulinganisha. Inamisha kichwa uone wino uliovimba juu ya karatasi, na ule mkunjo wa ukingo wa bamba ulioacha alama pande nne. Muulize msimamizi kama unaweza kuitazama karatasi kwa mwanga wa nyuma: kwenye karatasi za kabla ya katikati ya karne ya 18 utaona mistari ya wavu ambao karatasi ilitengenezewa, na pengine alama ya kiwanda.

Na ukitaka kununua, beba lenzi ya kukuza mara 10. Vitone vilivyopangwa kwa safu sawasawa kama kwenye gazeti ni picha iliyochapwa kwa mashine ya kisasa, hata ikiwa na fremu ya zamani. Vitone vya Bartolozzi vimetawanyika na havilingani. Chapa ya shaba isiyo na alama ya bamba huenda imekatwa pembeni, jambo la kawaida kwa karatasi za kale, ila bei yake ishuke. Chapa ya ubao haina alama hiyo tangu mwanzo, usiidai. Uliza kama nakala ilichapwa bamba likiwa jipya au baada ya kuchakaa na kutengenezwa upya, na mwambie muuzaji aandike jibu lake kwenye risiti pamoja na jina la aliyebuni, aliyechonga na aliyechapisha. Akisita kuandika, mrudishie karatasi yake.